Mwalimu Aliyengoja Nitake

Mtu wa kwanza kunifundisha hakunifundisha kusoma. Nilitimiza miaka kumi na mitatu siwezi kusoma jina la duka, na aliyenifikisha hapo hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mwalimu aliyeisomea kazi yake, aliyefundisha wasichana Unguja mpaka nywele zikaanza mvi, na mama yangu ni mmoja wa waliopita mkononi mwake. Nyumbani kila mtu alimwita Mwalimu, kuanzia baba mpaka yule mzee aliyetuletea maji kwa punda. Jina lake nalijua, lakini sijapata kulitia mdomoni, na sioni kwa nini nianze leo.

Wala sitaeleza kwao wapi na baba yake nani. Watu wetu wakikutana jambo la kwanza ni hilo, na yeye lilimchosha. Inatosha kusema kwamba sote tulifika Maskati mwaka 1964, baada ya yaliyotokea Unguja, sisi familia nzima na yeye peke yake, na mama akasema Mwalimu wake hawezi kwenda kulala kwa watu asiowajua. Akapewa chumba cha juu, kile ambacho mlango wake unafunguka kwenye paa. Alikaa nacho miaka minne.

Kama mtu angeniomba nimweleze kwa neno moja, ningesema alikuwa amechoka. Alisema "nshachoka" kama wengine wanavyosema bismillahi, kabla ya kuanza kila kitu. Nshachoka, nipe hiyo sindano. Nshachoka, njoo nikusuke. Halafu akakaa chini, akanyoosha miguu mbele yake, akafanya kazi mpaka adhuhuri bila ya kuinua kichwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno tu. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye wakati ule, na naamini alikuwa akisema kweli kila mara.

Uchovu wake mwingine ulitoka kwa wazee wake. Hakuwa na maana ya wazazi. Wazee wake walikuwa watu wa Ulaya waliokufa zaidi ya miaka mia na hamsini nyuma, wanafalsafa aliowasoma chuo cha ualimu, na aliwataja kama majirani waliokuwa wakimsumbua. Kulikuwa na Mzee wa Karatasi, Mwingereza, tabibu, aliyesema mtoto huzaliwa akili yake nyeupe haijaandikwa kitu, na kila kitakachokuwemo kitaingia kwa macho na masikio na mikono. Kulikuwa na Mzee wa Shamba, mtu wa Geneva aliyehamia Ufaransa, aliyesema mtoto huzaliwa mwema na sisi wakubwa ndio tunaomharibu, kwa hivyo alelewe shamba, mbali na mji, asipigwe, asihubiriwe, na asilazimishwe kitabu mpaka mwenyewe akitake. Vitabu vyao vilibaki Unguja, ndani ya kabati, katika nyumba ambayo sasa anakaa mtu mwingine. Alivibeba kichwani. Mtu huyu aliyechukia kuhifadhi kwa moyo alikuwa amehifadhi kurasa nzima, na ukimkumbusha hilo alikuwa anakwambia ukamtazamie chungu jikoni.

Baba alipomuuliza siku za mwanzo kama angenifundisha, kwa kuwa kaka yangu ameshaandikishwa skuli ya wavulana na skuli ya wasichana haikuwepo hata moja, Mwalimu alijibu kwa upole kabisa.

"Ntamfundisha kila kitu. Lakini kusoma, ngoja atake mwenyewe."

"Na asipotaka?" baba akauliza.

"Atataka. Hakuna mtoto asiyetaka. Sisi ndio tunaowahi, tukawachosha kabla ya wakati."

Baba alimshukuru. Alikuwa mtu wa mizigo, anahesabu magunia bandarini, na mtu aliyesoma alimtia haya. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikafurahi, kwa sababu nilimwona kaka akirudi skuli viganja vimevimba kwa fimbo. Kwenye chuo cha Kurani nilikwenda kama watoto wote, kwa bibi mmoja mwisho wa kichochoro chetu. Kidole kilifuata mstari na mdomo ulikwenda mbele wenyewe kwa kuzoea. Mwalimu hakuingilia. Alisema hicho ni cha Mungu, hakimhusu Mzee wa Shamba.

Nianze na miguu. Mzee wa Karatasi aliandika kwamba mtoto aoshwe miguu kwa maji baridi kila siku, na viatu vyake viwe vyepesi vipitishe maji, ili azoee na asiugue. Mwalimu aliliamini hilo. Kila asubuhi alinikalisha ukingoni mwa paa na beseni, na tatizo likawa kwamba Maskati, mwezi wa sita, maji baridi hayapo. Ya kisimani yalikuwa vuguvugu na ya pipani yalikuwa yanachoma. Akaanza kuniamsha alfajiri ili tuyawahi kabla ya jua. Mama akitoka kuswali anatukuta, mimi nasinzia na Mwalimu anapiga miayo, miguu yangu imo katika maji ambayo hayakuwa baridi wala moto.

"Mwalimu, haya yanamsaidia nini?" mama aliuliza siku moja.

"Huko kwao yanasaidia kikohozi."

"Huyu hana kikohozi."

"Basi unaona," alisema Mwalimu, na akaendelea kuniosha.

Hilo la mtungi lilituingia zaidi. Kila nyumba ilikuwa na jahla, mtungi wa udongo uliotundikwa penye upepo ili maji yapoe, na yetu ilining'inia kwenye pembe ya paa. Niliivunja nikicheza. Kwa mama jambo hilo lilikuwa na jawabu moja, na alikwishavua kiatu. Mwalimu akasimama katikati yetu. Alieleza kwamba Mzee wa Shamba amekataza kumwadhibu mtoto kwa kosa kama hilo. Akivunja dirisha la chumba chake, usimpige na usimkaripie, mwache alale na baridi ya dirisha lake mpaka aelewe mwenyewe faida ya dirisha. Kwa hivyo mtungi usinunuliwe. Mtoto anywe maji ya moto, ataelewa.

Mama alirudisha kiatu mguuni kwa sababu aliyesema ni mwalimu wake. Tukanywa maji ya moto nyumba nzima. Baba akirudi bandarini, shati limeganda chumvi, anakunywa bakuli moja, ananitazama. Kaka alikwenda kunywa kwa majirani. Mimi ndiye niliyeteseka kidogo kuliko wote, kwani mtoto akicheza haoni kama maji ni ya moto au ya baridi. Mwishowe mama alimtuma mtu Matrah akanunua jahla mpya, akaitundika mwenyewe, na alipomaliza akasema, bila ya kumtazama mtu, "Kosa la mmoja, kiu ya nyumba. Huyo mzee alikuwa anakaa peke yake." Mwalimu alikunywa maji baridi ya jahla mpya kwa haraka sana, na nilimwona akifunga macho.

Nilimpenda. Niliseme wazi, kwa sababu mambo nnayoeleza yanaweza kumfanya aonekane mtu wa kuchekwa. Wakubwa wa siku zile hawakuzungumza na watoto, waliwaagiza. Yeye aliniuliza maswali akangoja jawabu, hata likichelewa. Kwa nini kivuli cha nguzo kimefika hapa na jana kilikuwa pale? Sisimizi huyu anajuaje njia? Nikijibu upuuzi hakucheka, alisema, "Hebu tutazame," tukachutama wote wawili. Alinifundisha kupima kwa shubiri, kujua kaskazini bila ya dira, kukata nguo bila ya kupoteza kitambaa. Alinifundisha kusema "sijui" bila ya haya. Nilikuwa na miaka minane nikijua kwa nini maji yanapoa katika udongo na hayapoi katika bati, na sikuweza kuandika jina langu.

Mara moja alijaribu kunipeleka shamba. Shamba halikuwepo, basi tukaenda Sidab, kijiji cha wavuvi, kwa ile njia ya miguu inayopanda jabali. Alikuwa na mpwa wake huko, aliyetufuata baadaye akaoa. Tulitoka asubuhi na mapema, yeye na buibui lake na mimi mbele nakimbia, na alikuwa amefurahi, ananiambia angalia hili, shika lile, onja. Nusu ya njia alikaa juu ya jiwe. Mwamba ulikuwa umeshaanza kuchoma, hapakuwa na mti hata mmoja, na mbuzi wawili walitutazama.

"Mzee wa Shamba kwao kuna majani," alisema. "Mito. Mtoto anakimbia hapo mpaka achoke. Hapa unakimbia wapi?"

Tulifika Sidab tukala samaki, tukarudi kwa haraka kuogopa mageti ya mji yasifungwe tukiwa nje. Hakunipeleka tena. Nilipotimiza miaka kumi mama alinivisha shungi na mlango wa nje ukawa si wangu, na shamba letu likabaki paa, hatua kumi huku na sita huku, na kuta za kutuzuia tusionekane na majirani.

Na kwenye ukuta wa paa hilo ndipo lilipotokea jambo lililoniharibia kusoma.

Mzee wa Shamba alikuwa na hila ya kumtia mtoto hamu. Asifundishwe herufi. Apelekewe mwaliko wa maandishi wa kitu kitamu, na asipatikane mtu wa kumsomea. Mtoto akikosa utamu mara mbili tatu, atakuja mwenyewe kuomba afundishwe. Mwalimu aliipenda sana hila hiyo, akaigeuza ifuate nyumba yetu. Kila Ijumaa alinunua halua kidogo, akaificha mahali, kisha akaandika kwa makaa, kwa Kiswahili, kwenye ukuta wa paa halua iko wapi. Chini ya pakacha. Nyuma ya sanduku la baba. Nikiuliza, alisema, "Imeandikwa," akanyoosha miguu, akangoja.

Ijumaa ya kwanza nilikosa nikalia. Ya pili kaka, aliyeanza kusoma tangu Unguja, alipanda paa kuanika kanzu yake, akasoma ukuta, akashuka, akala halua yote. Ya tatu nilimsubiri ngazini. Tukapatana: yeye anisomee, mimi nimfulie kanzu, na halua nusu kwa nusu. Baadaye nusu yangu ikawa robo, kwa sababu msomaji alikuwa yeye na alijua thamani yake. Nilikubali. Kufua kulikuwa kwepesi kuliko kusoma, na nilishayaona mambo ya kusoma katika viganja vyake.

Basi mambo yakaenda hivyo, wiki baada ya wiki, miaka. Mwalimu aliandika, kaka akasoma, mimi nikafua. Yule mtoto wa kitabuni hakuwa na kaka. Alikuwa peke yake na mwalimu wake katika shamba kubwa, na hapakuwa na mtu wa kumsomea kwa ujira wa kanzu. Nyumba zetu zimejaa watu. Hakuna anachokosa mmoja ambacho mwingine hawezi kumchukulia, na hila iliyotungwa kwa mtoto wa peke yake ikanifundisha kinyume chake, kwamba mwanamke hana haja ya kusoma maadamu yuko mwanamume wa kumsomea. Mwalimu alitaka kunifundisha vingine kabisa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Alikuwa na jambo jingine alilonificha. Aliponihadithia Mzee wa Shamba, kila siku mtoto alikuwa mtoto tu, anaanguka, anainuka, anauliza. Nilidhani ndiye mimi. Nililijua lililofichwa siku mama alipoleta habari ya posa, nami nina miaka kumi na moja. Mposaji alikuwa jamaa yetu mwenye duka Matrah, mtu mzuri, anataka neno tu, atangoja. Mwalimu alishuka kutoka juu, kitu ambacho hakukifanya kwa haraka, akasema mtoto huyu bado mtoto.

Mama alikuwa anachambua mchele. Alimheshimu Mwalimu, hata sauti hakuinua.

"Mwalimu, hao wazee wako mimi nshawasikia kwa miaka. Hebu nambie, kwa mtoto wa kike wanasemaje?"

Mwalimu angeweza kusema uongo. Mama asingejua, wala mimi. Alikaa chini, akanyoosha miguu.

"Wa Shamba anasema kama wewe," alisema. "Anasema mtoto wa kike afundishwe kumpendeza mume na kuitunza nyumba. Na azoeshwe kuzuiwa mapema."

"Basi ana akili," mama akasema.

"Yako mengi aliyosema bila ya akili. Alizaa watoto akawapeleka wote kwenye nyumba ya watoto wa kuokotwa, halafu akakaa akatuandikia sisi namna ya kulea." Hapo sauti yake ilibadilika. Mumewe alimwacha kwa kukosa kuzaa, jambo hilo sote tulilijua na hakuna aliyelitaja. "Alikuwepo bibi mmoja wa London aliyemjibu. Alisema msichana ana akili ile ile, asome pamoja na ndugu zake, na mume atapata mke mwenye akili na watoto watapata mama."

"Huyo bibi aliolewa?"

"Mwisho wake aliolewa."

"Akazaa?"

"Alizaa mtoto wa kike, akafa kwa uzazi ule ule."

Mama aliacha kuchambua. Na yeye alikuwa amezika mtoto mmoja Unguja na nusura afe naye. Sinia la mchele lilikuwa katikati yao, na nikafikiri kwamba labda mambo yatatengenea. Mama akasema taratibu, "Maskini, Mungu amrehemu," halafu akaendelea na mchele wake. Posa haikukubaliwa wala haikukataliwa.

Baada ya hapo Mwalimu alihamia Sidab, kwa mpwa wake ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua. Ndivyo alivyosema. Hapakuwa na ugomvi. Mama alimfungia chakula, akamlilia, akamwambia chumba ni chake wakati wowote, na watu wetu wengi wameagana hivyo wasionane tena. Mimi Mwalimu alinipiga busu la kichwa akasema, "Ukitaka, nambie." Sikumwambia. Kilichobaki ni makaa ukutani: halua imo ndani ya mto wa bluu. Sikuijua mpaka kaka aliponisomea, na ilikuwa imeshakauka.

Mwaka 1970 sultani aliondolewa na mwanawe, mambo yakageuka, na kila mtu wa umri wangu anajua yaligeukaje. Mageti yakaachwa wazi usiku. Watu wakavaa miwani ya jua, iliyokuwa imekatazwa, kwa kuwa sasa inawezekana. Na ikatangazwa kwamba wasichana wataandikishwa skuli, bure, wa umri wote. Baba alirudi na habari hiyo akaisema mara mbili, kisha akanitazama kama alivyonitazama miaka ile kwa bakuli la maji ya moto. Yule mwenye duka wa Matrah na yeye alikuwa ameleta salamu upya. Mama akatoa hukumu yake, na ilikuwa ya haki kwa namna yake.

"Akipangwa na wa kimo chake, na asome, sitamzuia. Wakimtia na watoto wa miaka sita, namrudisha nyumbani siku hiyo hiyo, tunajibu salamu za watu. Sitaki mwanangu awe kichekesho."

Niliogopa. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke kutoka Jordan, mwenye sauti ya kukata. Alinifungulia kitabu akaniambia nisome. Nilijua majina ya herufi kutoka chuoni, nikamtajia tatu nne, lakini maneno hayakuwa ya Kurani na mdomo wangu haukuwa na pa kukimbilia. Alifunga kitabu. Darasa la kwanza, akasema, akaita anayefuata. Nilimtafsiria mama, na mama akanishika mkono papo hapo.

"Twende nikuone unapokaa," alisema, "halafu twende nyumbani."

Darasa lilikuwa chumba kirefu. Watoto wadogo walijazana mbele, wengine miguu haifiki chini. Na nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, magoti yamegusa meza, buibui limekunjwa pembeni na ubao mdogo wa kuandikia mapajani, alikaa Mwalimu.

Amekonda. Mvi zimemjaa. Alikuwa amekwenda kuomba kazi ya kufundisha siku ya kwanza kabisa, kwa miguu kutoka Sidab. Lakini skuli ilikuwa ya Kiarabu, na kusoma kwake kote kulikuwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni na cha kwenye sala. Yule mama wa Jordan alimpa kitabu kile kile alichonipa mimi, na akasoma karibu kama mimi. Wakampa kazi ya kufundisha ushoni jioni. Asubuhi akaomba mwenyewe ruhusa ya kukaa darasa la kwanza.

Mama alisimama mlangoni hakuniachia mkono.

"Sabalkheri, Mwalimu," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hapo si pahala pako."

"Pa nani basi?" Mwalimu akasema. Akanitazama mimi, akasogea mpaka pembe ya benchi, akapiga ubao wa benchi kwa kiganja. "Kaa. Nshachoka kukaa peke yangu na hawa, wananiuliza kama mimi ni bibi yao nani."

Nilihisi mkono wa mama ukilegea. Angeweza kumrudisha nyumbani binti yake aliyetiwa na watoto wadogo. Kumtazama mwalimu wake, aliyemshika mkono kumwonyesha herufi, akikaa hapo bila ya haya, halafu akasema mahali hapo ni pa aibu, hakuweza. Alijifunika uso na kanga. Alituaga kwa kichwa, akaenda zake nyumbani peke yake, na yule mtu wa Matrah akajibiwa kwamba binti anasoma.

Tulikaa benchi moja miezi yote iliyobaki ya mwaka ule. Nilimpita haraka, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Kiarabu cha watu kilikuwa masikioni mwangu tangu utoto, na yeye alilazimika kukibeba kila neno peke yake, na macho yalikuwa yameanza kumwangusha. Mchana alikuwa anasinzia, kalamu mkononi. Hakuwataja wazee wake hata mara moja. Nilipomuuliza kuhusu Mzee wa Shamba alisema, "Mwache alale."

Siku moja, karibu na mwisho, mwalimu wa darasa aliandika mistari mitatu na kutuambia tunakili na kusoma. Mwalimu aliukodolea macho ubao mkubwa, akaandika mstari wa kwanza, akasita. Akaniinamia.

"Wa pili unasemaje?"

Sijui nini kilinipata. Labda utani, labda na kitu kingine ndani ya utani. "Mwalimu," nikamnong'oneza, "mtu haambiwi. Angoje mpaka atake mwenyewe."

Aliweka kalamu chini. Hakukasirika.

"Nambie tu, mwanangu," alisema. "Nshachoka kungoja."

Nikamsomea. Ulikuwa mstari wa watoto: kaka yangu alikula tufaha. Akauandika taratibu, herufi baada ya herufi, ulimi umemtoka kidogo pembeni kama watoto wa mbele, akamaliza, akautazama.

"Na halua," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nlijua siku zote. Kanzu za kaka yako zilikuwa safi mno. Nlikuwa nnangoja ukasirike." Alifuta vumbi la chokaa kwenye goti lake. "Kila Ijumaa nnasema leo, leo atakasirika, atakuja kuniambia nifundishe. Hukukasirika hata siku moja. Na mimi sikujua la kufanya na mtoto asiyekasirika, kwa hivyo nkaandika tena."

Nilikasirika pale pale. Hasira ilikuja yote kwa pamoja, ya halua na ya kanzu na ya viganja vya kaka na ya miaka ile juu ya paa, na sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu aliyenikosea alikuwa amekaa begani kwangu, amechoka, na ndiye aliyenizuia nisirudishwe nyumbani. Machozi yalinijia. Nikautazama ubao mkubwa nikasoma mstari wa tatu kwa sauti, darasa zima likageuka, kabla ya mtu yeyote kuniuliza.

"Polepole," alisema Mwalimu, akiokota kalamu yake. "Rudia, naandika."